Shimo la Kulaza Watoto

Kazi yangu ni ualimu wa maternele, shule ya chekechea, na mtu akiniuliza kwa haraka ninafundisha nini, ninamjibu kwamba ninalaza watoto wa watu. Rangi, nyimbo na kuhesabu vijiti tunafanya pia, lakini mwalimu wa watoto wadogo anajulikana baada ya uji wa saa nne. Watoto zaidi ya thelathini kwenye mikeka, chumba kimoja cha mbao, bati limeanza kushika moto, na wote lazima walale. Mimi nilikuwa na mtindo wangu: makofi matatu, kila moja dogo kuliko lililotangulia, kisha wimbo usio na maneno, kisha ninapita kati ya mikeka nikigusa nyayo zao mmoja mmoja. Mkuu wa shule alikuwa akiwaleta walimu wapya wasimame mlangoni wanitazame. Nilijivuna kwa jambo hilo kuliko ilivyostahili.

Kisha korona ikaja, shule zikafungwa, nikabaki nyumbani na watoto wangu wawili ambao usingizi ulikuwa umewakimbia. Mganga hajigangi, wazee walisema. Siku ya kwanza nilitandika mkeka, nikapiga makofi yangu matatu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hapa haiko ku masomo," akasema.

Mdogo wake wa miaka minne akarudia maneno hayohayo, kisha akapanda kitandani na kuanza kurukaruka hadi ubao mmoja wa kitanda ukapasuka. Nilicheka siku hiyo. Wiki ya tatu sikuwa nacheka tena.

Baba yao hakuwepo. Alikuwa amekwenda Butembo kuchukua bidhaa, safari ya siku tano, na barabara zikafungwa akiwa hukohuko. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni nilimwona moyoni mwangu amekaa mahali palipotulia, amekula, hakuna mtu anayemvuta nguo. Najua haikuwa hivyo. Lakini mtu aliyechoka hana haki moyoni, na mimi nilikuwa nimechoka mpaka nikimsikia anakohoa kule kwenye simu ninamkasirikia.

Tulikuwa tumehama kutoka Katoyi, mtaa wa ndani ya Goma, mwezi mmoja tu kabla ya hayo yote. Katoyi nyumba zinabanana, watoto wana barabara, na mama ishirini wanawatazama bila kuombwa. Mume wangu alipata nyumba ya mbao upande wa magharibi, nje kidogo ya mji, parseli, kiwanja kipana chenye mawe meusi ya volkano kila mahali. Alisema watoto watapata nafasi. Nafasi walipata, lakini ya mawe. Mtoto akikimbia hatua sita anaanguka, na mawe yale hayasamehe goti la mtu. Nje ya uzio, shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa, alikuwa akipita na fimbo yake akitawanya watoto waliokusanyika, kwa hiyo barabarani nako hapakuwa na mchezo. Walibaki ndani, kwenye vyumba viwili, kutwa.

Wasiokaa na watoto wadogo siku zile wanadhani tabu ilikuwa kelele. Kelele si kitu, mimi ninakula mkate wangu kwa kelele. Tabu ilikuwa kwamba watoto waligeuka. Wa kiume alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu mwaka uliopita, akaanza upya. Akaanza kutafuna kola ya shati lake mpaka ikalowa na kuchanika, na alipozuiwa, akamng'ata dada yake. Binti akapanga vijiko sakafuni vikawa darasa lake, na kijiko kimoja, sijui kilikosa nini, kilichapwa kila siku. Waliweka bariere, kizuizi cha kamba, kati ya chumba na sebule. Ili nipite kwenda kuangalia maharage jikoni nilipaswa kunawa mikono kwenye bakuli tupu, kisha mdogo ananielekezea gunzi la mahindi kwenye paji la uso kunipima joto. Mchezo huo waliujua tangu Ebola. Kuna siku alinipima, akatikisa kichwa, akakataa nisipite. Maharage yaliungua, nami nikaing'oa ile kamba na kuitupa nje, na mtoto akalia saa nzima kama mtu aliyevunjiwa nyumba.

Na hawakulala. Mchana hawakulala, na alfajiri, kabla jogoo hajawika, walikuwa wamesimama kando ya kitanda changu. "Mama, fungua mchana," mdogo alikuwa akisema, kana kwamba mchana ni dirisha nililolifunga kwa ukaidi tu. Wakiamka saa hiyo, ifikapo saa nne wamekwishapigana mara tatu, macho mekundu, na bado hawalali. Mimi niliwahi kusinzia nimesimama, nimeshika mwiko.

Sasa nieleze lile shimo.

Nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini, ardhi ilikuwa imezama. Mawe meusi yamezunguka pande tatu kama ukuta, na upande wa nne unashuka polepole mpaka chini, ambako kulikuwa na majani mabichi, laini, mahali pekee pa kijani kwenye parseli nzima. Upana wake ungetosha vitanda vitatu. Kina chake, mimi nikisimama chini, kingo zinanifika kwenye bega. Siku tuliyohamia, jirani yetu, mzee mmoja anayechonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alikuwa amesimama kwenye uzio akitutazama tukishusha magodoro. Akanisalimu vizuri, akanyoosha kidole kule nyuma.

"Kule mu shimo, mama, siye hatuendake kule."

Nikamwambia asante, muzee. Mtu yeyote wa Goma anajua kwamba kiwanja kisichoguswa na mtu ni kiwanja chenye kesi, ndugu wanagombania, makaratasi yako kwa wakili. Nikasema moyoni, basi, hatutajenga choo pale. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyowafundisha watoto wa watu kila asubuhi. Mimi sikuuliza.

Kwetu ni Masisi. Baba yangu alikuwa mfugaji, na kwa mfugaji wa milimani adui ni upepo. Ndama akizaliwa hamwachi juu kwenye mteremko. Anatafuta mahali palipozama, penye majani, anamweka pale. Ndivyo mama naye alivyotufanya sisi. Alipokwenda kupalilia alitushusha kwenye kishimo pamoja na ndama, tukalala tumeegemea matumbo yao yenye joto, na yeye akilima juu yetu akiimba ili tujue yupo. Mpaka leo nikisikia neno usingizi ninasikia harufu ya maziwa. Kwetu, mtoto aliyewekwa shimoni ni mtoto aliyependwa.

Kwa hiyo siku moja, nadhani ilikuwa wiki ya tano, nilipoona mdogo anagonga kichwa chake ukutani, si kwa hasira, anagonga tu, taratibu, nikawashika mikono wote wawili nikawapeleka nyuma. Nikatandika kitenge juu ya majani. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, kaupepo kidogo. Nikawaambia hadithi ya ndama. Wakavingirika pale, wakang'oa majani, wakacheza kulishana. Mimi nilikaa juu, kwenye jiwe, nikitoa mawe kwenye mchele. Baada ya muda nikaona kimya. Nikatazama chini: wote wawili wamelala, midomo wazi.

Nililia. Sioni aibu kusema hivyo. Nililia nikiwa na sinia mapajani, machozi yakaingia kwenye mchele, na sikutaka hata kujipangusa nisije nikawaamsha.

Msomaji wa Goma ameshajua ninakoelekea, na pengine ameshanikasirikia. Kwa asiye wa huku nitasema wazi. Ardhi yetu ni ya volkano, na mahali pengine inatoa hewa mbaya ambayo sisi tunaiita mazuku. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kupumua, kwa hiyo inajaa kwenye mashimo kama maji. Jua na upepo vinaipunguza mchana. Asubuhi mapema, au siku ya mawingu isiyo na upepo, inajaa. Anayesimama anaweza asijue lolote. Anayelala chini anainywa. Mimi neno mazuku nilikuwa nimelisikia miaka yote, lakini kichwani mwangu mazuku yalikuwa mbali, vichakani, mahali pakavu penye mifupa ya mbuzi. Hakuna aliyeniambia kwamba yanaweza kukaa mahali pazuri nyuma ya nyumba yako, penye majani laini.

Tulikwenda kesho yake, na kesho kutwa yake, kisha ikawa kila siku saa saba. Watoto wangu wakarudi kuwa watoto. Walikula. Mdogo akaacha shati lake. Jioni walikuwa wapole, wazito kidogo, hawana magomvi, na mimi nikapata saa moja na nusu kila mchana ya kukaa juu ya jiwe bila kuguswa na mtu. Ninataka ieleweke saa hiyo ilikuwa nini kwangu. Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa natazama mikono yangu.

Mume wangu alipopiga simu jioni ya siku ya nne au ya tano alishangaa.

"Juu ya nini leo sisikie makelele?"

"Batoto banalala muzuri sasa. Muchana pia banalala."

"Umebapatia dawa?"

"Hapana. Nimebapatia hewa."

Akacheka, akasema ndiyo faida ya kupata mwalimu. Nami nikacheka.

Lakini niliona. Hili ndilo nililokuja kulisema, na nimezunguka kurasa kadhaa kabla ya kulifikia. Niliona kwamba binti yangu akiamka pale anashika kichwa na kusema kinamuuma, na nikamwambia ni jua. Niliona panya amekufa kando ya kitenge, hana jeraha, na nikafurahi kwamba nyumba yetu haitakuwa na panya. Kuku wa jirani alipatikana pale amelala ubavu, na mimi na yeye tulikubaliana kwenye uzio kwamba ugonjwa wa kuku umeingia mtaani. Sikumwambia nilimwokota wapi, kwa sababu nilikumbuka alisema wao hawaendi kule na sikutaka maneno. Niliona kwamba mdogo, ambaye tangu azaliwe huamka ukimwita jina lake mara moja, sasa lazima nimwinue na kumtikisa. Nimelaza mamia ya watoto. Usingizi wa mtoto ninaujua kama mshonaji anavyojua kitambaa, kwa kugusa tu. Usingizi ule niliugusa nyayo, nikajua si wenyewe. Nikatandika kitenge tena kesho yake.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mawingu. Mvua ilinyesha usiku, ikakatika alfajiri, na ukungu ukakaa juu ya mawe bila kusogea. Watoto walikuwa wameamka kabla ya mwanga kama zamani, wakapigana kwa ajili ya mfuniko wa sufuria, na ilipofika saa mbili mimi nilikuwa nimekwisha. Sikuwahi kuwapeleka asubuhi. Nikawaambia, nendeni kwenye shimo lenu, mama anafua nguo kisha anakuja. Walikwenda wakikimbia. Nikakaa mlangoni na beseni langu mbele yangu, nguo moja mkononi, na kule nyuma kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nimeyasema maneno hayo darasani mara ngapi. Mimi nilitabasamu, nikaegemeza kichwa kwenye mbao, nikasinzia.

Aliyeniamsha ni binti yangu. Alikuwa amesimama mbele yangu anatapika juu ya nguo nilizokuwa nikifua, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu.

"Mama," akasema, "tulikuwa tunacheza masomo. Miye nilikuwa mwalimu, nilikaa ku jiwe. Nilimupigia makofi tatu, akalala. Sasa namwita, hanisikie."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka jirani, yule mzee, alikuwa kwenye parseli yake anachonga gurudumu, na nadhani alinisikia nikipiga kelele, kwa sababu nilipofika kwenye kingo za shimo alikuwa amekwisha kuruka uzio. Mwanangu alikuwa chini, amelala chali katikati ya kitenge, mikono kando, vizuri kabisa, kama wanangu wote wa darasani. Nikataka kushuka. Mzee alinikamata nguo nyuma akanivuta mpaka nikaanguka kwa makalio.

"Ukiinama pale, mutabakia bote wawili," akasema. Hakupaza sauti.

Akavuta pumzi, akafunga mdomo, akashuka. Alikwenda amesimama wima, uso juu, kama mtu anayevuka maji. Aliinama mara moja tu, kwa haraka, akamnyakua mtoto kwa shati na mguu, akamweka juu ya kichwa chake kama tunavyobeba bidoni la maji, akapanda. Hakupumua mpaka alipofika juu. Akampeleka kwenye jiwe refu kuliko yote, akamlaza pale penye hewa, akaanza kumpiga nyayo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto. Alimpiga, akampiga, akamgeuza, akampiga mgongo. Nilimwona mwanangu mdomo wake wa buluu, na nikajua kwamba nimemuua kwa sababu nilitaka kufua nguo kwa amani.

Kisha akakohoa. Akavuta hewa kwa sauti mbaya kama msumeno kwenye mbao mbichi, akatapika uji wote wa asubuhi, akaanza kulia. Mzee akakaa chini kwenye mawe, akajipangusa uso kwa kofia yake.

"Mama mwalimu," akasema mwishowe, "kwenu hakuna mazuku?"

"Kwetu tunalazaka ndama mule," nikamjibu.

Alitazama kitenge changu kule chini, akatazama majani yaliyolalia upande mmoja kwa kuzoeleka, akaelewa kwamba hatukwenda pale mara moja. Niliona anaelewa. Ningependa angenitukana.

Kwenye kituo cha afya walinizuia mlangoni kwa sababu sikuwa na barakoa. Mzee alinipa leso yake nikajifunga. Muuguzi akampima mtoto joto kwenye paji la uso, na mtoto, ambaye nusu saa kabla alikuwa maiti mikononi mwetu, akanyoosha mkono akitaka kukishika kile kifaa apime naye. Muuguzi akaniuliza, anakohoa? Pumzi inampa shida? Siku zile, ukisema pumzi ya mtoto ina shida, wanamchukua, wanamweka kwenye chumba chake, na wewe unabaki nje ya ua kusubiri habari. Nikasema hapana, ameanguka kwenye mawe. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinitazama, kisha akamgeukia muuguzi akamwambia taratibu, "Ni mazuku. Mama ameogopa tu." Wakamweka kitandani dirisha wazi, na dada yake kando yake, wakamtazama hadi alasiri. Alipoomba kiazi, wakasema anaweza kurudi.

Tuliporudi, mzee alikata matawi akaziba mdomo wa shimo, akafunga kitambaa chekundu juu yake. Kitenge changu hakuna aliyekitoa. Mvua ilikila pale pale mpaka kikapoteza maua yake.

Ninajua mnatarajia niseme kwamba tangu siku hiyo kelele za watoto wangu zilikuwa muziki. Kina mama wenzangu husema hivyo kanisani wakitoa ushuhuda, na labda kwao ni kweli. Mimi nitasema ilivyokuwa. Jioni hiyohiyo watoto, ambao walikuwa wamelala kutwa kwa uchovu na hofu, waliamka na nguvu za shetani. Waliruka. Walivunja kikombe. Mdogo alianza tena kutafuna kola, na dada yake alipomnyang'anya alimng'ata mkono mpaka damu. Nilisimama katikati ya chumba, nikatazama nyuma kupitia ufa wa mbao, nikakiona kile kitambaa chekundu, na nikalitamani shimo. Nilitamani saa saba ya mchana, na jiwe langu, na mikono yangu mapajani. Mwanangu nilikuwa nimempata upya siku hiyohiyo, bado ana harufu ya matapishi. Na nikatamani.

Simu ikalia. "Batoto banalala?" mume wangu akauliza.

"Banalala," nikasema, nikatoka nje nayo asisikie.

Barabara zilipofunguliwa akarudi, amekonda, na zawadi za watoto kwenye mfuko. Aliona matawi kule nyuma akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni jirani, anazuia mbuzi wake. Mzee hakuwahi kunisaliti. Alimwambia tu mume wangu, siku moja wakinywa mandale, pombe ya kienyeji, kwenye uzio, kwamba parseli ile si ya watoto, na mume wangu, ambaye anamheshimu, akatafuta nyumba nyingine. Tukahama kabla shule hazijafunguliwa. Nami nikarudi kwenye mikeka yangu. Makofi matatu bado ninapiga, lakini sikai tena. Ninapita katikati ya watoto mpaka mwisho, ninawaita majina, na yule asiyegeuza hata jicho ninamwamsha. Mkuu wa shule ameniambia mara mbili kwamba nimepoteza mkono wangu, kwamba darasa langu siku hizi halilali vizuri. Nimemwambia ni uzee.

Binti yangu hajawahi kuzungumzia siku ile. Kichwa kinamuuma mara kwa mara, anameza kidonge, anaendelea na vitabu vyake. Mdogo amekuwa kijana wa mpira, mguu mrefu, mwenye kujibu. Nilidhani hakumbuki kitu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekula, baba yao amejinyoosha kwenye kiti na gazeti usoni, anatafuta usingizi. Kijana alikuwa amekaa sakafuni anafunga kamba za viatu.

"Papa," akasema, "kwa ile nyumba ya zamani kulikuwa pahali mama alikuwa anatulaza. Chini, mu majani. Wewe haukukuwako, ulikuwa Butembo. Sijalalaka tena muzuri vile."

Baba yake akatoa gazeti usoni, akatabasamu. "Pahali gani?"

Kijana hakujua jina la mahali. Akanitazama mimi, akisubiri nisaidie, uso wake umejaa furaha ya kukumbuka. Dada yake aliacha kusoma. Nilikuwa nakusanya sahani. Nikaziweka chini nikawaeleza, kuanzia siku ya kwanza na mchele hadi kitambaa chekundu, na simu nazo, na neno nililosema kuhusu hewa. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sauti ninayotumia na wazazi wa shule.

Mume wangu alikuwa amemshika kijana begani, na kijana hakuuondoa ule mkono, ingawa siku hizi hapendi kushikwa.

"Ulinificha miaka yote hii," akasema. "Juu ya nini? Haukujua. Mutu hawezi kumuhukumu mutu juu ya kitu hakujua."

Ilikuwa imebaki hapo tu. Ningeweza kuitikia, nikachukua sahani zangu, na angenisamehe kabla ya kahawa. Binti yangu alikuwa ananitazama, mkono wake kwenye paji la uso.

"Nilijua haiko usingizi ya kawaida," nikamwambia. "Tangu siku za kwanza. Nilikuwa nimechoka."